UZI: Kulipwa Bitcoin kwa kuskani QR kibandani, yaliyonikuta na ninavyofanya sasa

MamaMbaazi_Diani

Wakuu salaam.

Nina kibanda cha mahamri na mbaazi hapa Diani, karibu na njia ya kushukia ufukweni. Alfajiri wateja wangu ni mabawabu wa hoteli, madereva wa tuktuk na vijana wa boti. Kuanzia saa tatu wanaanza kuja wageni. Huu ni mwaka wa pili napokea Bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni isiyo na benki nyuma yake, kwa wanaotaka kulipa hivyo. Wenye biashara ndogo wananiuliza kila mara waanzeje, na nikitazama naona wengi wanaanzia pale pale nilipoanzia mimi: wanachapisha msimbo, wanaubandika mezani, wanadhani kazi imekwisha. Kazi ndiyo kwanza inaanza, na naandika haya kwa sababu nimepoteza pesa ya jasho langu nikiyajifunza.

Kwanza tuelewane QR ni nini. Si pesa, si akaunti, wala haina ulinzi wowote ndani yake. Ni maandishi yaliyogeuzwa vijisanduku vyeusi na vyeupe ili kamera iyasome haraka. Iliundwa mwaka 1994 na Masahiro Hara na wenzake wa Denso Wave huko Japani, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Kampuni ikawaachia watu wote waitumie bila kudai ada, na ndiyo maana leo imejaa kila mahali, kuanzia tiketi hadi pakiti za maziwa. Kamera haijui kama kilichoandikwa ni anwani yangu au ya mwizi. Inasoma tu. Anayeweza kujua tofauti ni mtu aliyeshika simu, tena kabla hajabonyeza.

Sasa yaliyonikuta.

Siku ya kwanza mpwa wangu aliniwekea waleti kwenye simu, yaani programu ya kutunzia na kupokelea Bitcoin, akachukua anwani ya Bitcoin, ile ndefu inayoanza na bc1, akaichapisha kwenye karatasi na kuifunika plastiki. Mzee mmoja Mjerumani akala mahamri manne, mbaazi na chai, yeye na mkewe. Akaskani, akalipa, akanionyesha simu yake. Yangu ikaandika "inasubiri". Nikasubiri. Wakamaliza chai, wakaomba nyingine, na bado inasubiri. Nikawaambia waende zao kwa amani. Ile pesa ilithibitishwa baada ya adhuhuri, nikiwa naosha masufuria.

Sikudhulumiwa. Ndivyo mtandao wa Bitcoin unavyofanya kazi: malipo huthibitishwa kwa mafungu yanayoitwa bloku, bloku moja huingia kwa wastani wa kila dakika 10, na anayeweka ada ndogo husukumwa nyuma ya foleni. Kabla haijathibitishwa, aliyetuma anaweza pia kuibadilisha kwa kuongeza ada na kuielekeza kwingine. Kwa anayeuza kiwanja hilo si tatizo, atangoja. Mimi nauza hamri. Mteja akishapiga kona hapo kwenye minazi sina pa kumpata. Na siku mtandao ukijaa, ada peke yake inaweza kuzidi bei ya chakula chote.

La pili sikuligundua mimi, aliniambia kijana mmoja mteja wangu, kwa upole tu: "Mama, najua mwezi huu umeuza kiasi gani." Nikashtuka. Ikiwa anwani iliyochapishwa ni ile ile kila siku, yeyote aliyeiskani anaweza kuitazama kwenye tovuti za kusoma leja ya Bitcoin, yaani daftari la malipo yote lililo wazi kwa kila mtu, akaona kila kilichoingia, tarehe na saa. Yaani kila aliyekula kwangu na kulipa kwa njia hiyo alikuwa amebeba daftari langu la mauzo mfukoni. Hakuna mwenye duka Pwani hii anayetundika daftari lake ukutani. Niling'oa ile karatasi siku hiyo hiyo.

Tangu hapo natumia Lightning, yaani tabaka la juu ya Bitcoin ambalo malipo hufika kwa sekunde chache na ada yake ni ndogo mno. Naandika bei kwa shilingi kwenye simu, programu inaigeuza satoshi (Bitcoin moja ni satoshi milioni 100), inatoa ankara kama QR mpya kabisa, mteja anaskani, simu yangu inalia. Ankara hiyo ni ya mlo ule tu. Ikishalipwa haitumiki tena, na isipolipwa kwa kawaida hufa baada ya saa moja.

Nitaendelea jioni kuhusu stika, hilo linataka nafasi yake.

---

Kinyonga wa Pangani

Dada hongera kwa uzi wa maana. Swali langu ni la moja kwa moja: Kenya mna M-Pesa tangu 2007. Hata muuza machungwa ana namba ya kulipia. Bitcoin ya nini kwenye mahamri?

---

MamaMbaazi_Diani

Kaka, kwa mteja wa hapa hapa nakubaliana nawe kabisa. Bawabu wa hoteli hajawahi kunilipa satoshi, ananilipa M-Pesa au noti, na sina sababu ya kumbadilisha. Ninaowazungumzia ni wale ambao hawana laini ya hapa. Mgeni kashuka Ukunda jana jioni, ana kadi ya benki ambayo mimi sina mashine yake, ana noti ya euro 50 ambayo sina chenji yake. Zamani nilikuwa nasema "utaleta kesho", na kesho yake kashapanda ndege. Ikiwa simuni mwake ana Bitcoin, tunamalizana pale pale.

Tena siku hizi kuna programu hapa Kenya inaitwa Tando: mgeni analipa kwa Lightning, muuzaji anapokea shilingi kwenye M-Pesa yake kama kawaida, wala hahitaji kujua kuwa ilianza kama Bitcoin. Kwa mtu asiyetaka kushika satoshi hata kidogo, hiyo ndiyo njia ningemwelekeza kwanza.

---

BintiTemeke

Mimi niko Dar, nina duka la vipodozi. Mezani nilikuwa na karatasi tatu, kila mtandao na Lipa Namba yake, mteja anauliza "hii ya nani, ile ya nani". Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilipoleta TANQR, msimbo mmoja unaosomwa na mabenki na mitandao ya simu, nikapumua. Kwa hiyo nimezoea QR ya kubandikwa. Unaposema kubandika ni kosa unanitia wasiwasi. Kosa ni la Bitcoin au la QR zote?

---

MamaMbaazi_Diani

Mdogo wangu, swali lako ndilo lililonifanya nirudi mapema.

Kubandika kwenyewe si kosa. Kosa ni kubandika halafu usiangalie. Hatari ya stika ipo kwa QR zote, tofauti inakuja baada ya wizi. Kwenye TANQR au M-Pesa, mteja akiskani huona jina la biashara iliyosajiliwa kabla ya kuweka namba ya siri. Jina likiwa la mtu mwingine, mwenye macho anasita. Na pesa ikienda kusiko, kuna kampuni ya kupigia simu, kuna akaunti yenye jina na kitambulisho. Kwenye Bitcoin hakuna wa kumpigia. Ikishatoka imetoka.

Basi nikueleze yaliyonipata msimu wa Desemba. Kibanda kilikuwa kimejaa, sina muda wa kuandika ankara moja moja, nikatengeneza kadi ya Lightning isiyobadilika (zipo za aina hiyo, mteja ndiye anayeandika kiasi) nikaitundika msumarini kwa nje. Siku ya tatu, binti mmoja mgeni akanionyesha kioo chake: alama ya tiki ya kijani, imelipwa. Simu yangu kimya. Nikamwambia haijafika, akanionyesha tena, na niliona usoni kwamba hadanganyi. Mpwa wangu akaishika ile kadi, akaigeuza juani. Akapitisha ukucha pembeni mwa msimbo, na kona ikanyanyuka. Stika. Imekatwa sawasawa kwa mkasi, imebandikwa juu ya plastiki, na chini yake msimbo wangu umelala salama. Siku mbili nzima watu walikuwa wakinilipa mimi kwa nia yao, na pesa inakwenda kwa mtu ambaye labda alikula mbaazi zangu na kuniaga vizuri.

Binti wa watu alitaka kulipa mara ya pili. Nilikataa. Kosa halikuwa lake.

Baadaye nilisoma kwamba China walipitia hayo kwa ukubwa wa kutisha. Mwaka 2017 iliripotiwa kwamba mkoani Guangdong watu waliibiwa takriban yuan milioni 90 kwa misimbo ya QR, na njia mojawapo ilikuwa hii hii ya kufunika msimbo wa muuzaji. Kuanzia Aprili 2018 benki kuu yao ikaweka kikomo: kwa msimbo usiobadilika, uliochapishwa, mtu asilipe zaidi ya yuan 500 kwa siku. Zaidi ya hapo utumike msimbo unaobadilika. Nchi ambayo hadi muuza mboga analipwa kwa QR iliona karatasi iliyobandikwa haistahili kuaminiwa kwa pesa nyingi. Hilo lilinitosha.

Ninavyofanya sasa: msimbo uko kwenye kioo cha simu yangu, mkononi mwangu. Kadi ninayo bado kwa siku za msongamano, lakini inakaa ndani, upande wangu wa meza, namkabidhi mteja aiskani, anairudisha. Kila alfajiri kabla ya kuwasha jiko mpwa wangu anaiskani kwa simu yake na kutuma satoshi chache. Simu yangu ikilia, tunafungua. Na kubwa kuliko yote: siamini kioo cha mteja, naamini simu yangu. Tiki ya kijani kwake inasema imetoka. Haisemi imefika kwangu.

Wewe wa TANQR, mwambie mteja akusomee jina kwa sauti kabla ya kuthibitisha. Halichukui hata sekunde tano.

---

Fundi Kisauni

Naongeza la ufundi, maana watu wanaulaumu mtandao kumbe tatizo ni kioo.

Tazameni QR yoyote: ina macho matatu ya mraba kwenye pembe tatu. Kamera huyatafuta hayo kwanza ili ijue msimbo uko wapi na umekaa upande gani. Ndani yake kuna maandishi ya ziada ya kurekebisha makosa, na kwa kiwango cha juu kabisa msimbo unaweza kusomeka hata kama takriban asilimia 30 ya maandishi yake imeharibika. Lakini jicho moja likifutika, marekebisho hayo hayasaidii, kwa sababu kamera haijaupata msimbo wenyewe. Nimeletewa simu yenye ufa mmoja tu, umepita pembeni juu kushoto, mwenye duka analia kwamba "Lightning imekufa". Nikamsogezea picha katikati ya kioo, ikasomeka papo hapo.

Pili, ankara ya Lightning ni ndefu, herufi mia mbili na zaidi, kwa hiyo vijisanduku vyake ni vidogo sana. Maelezo uliyoandika ("mahamri manne mbaazi mbili chai mbili karibu tena") nayo yanaingia humo na kuubana msimbo. Andika fupi. Tatu, ongeza mwanga wa kioo, toa ile rangi ya usiku inayogeuza msimbo kuwa mweupe juu ya nyeusi, maana programu nyingine hazisomi msimbo uliogeuzwa. Nne, pale Diani jua ni kali: kingeni kwa kiganja.

---

MamaMbaazi_Diani

Fundi umenisaidia hata mimi. Ufa ninao, na kweli uko pembeni. Nilikuwa namwambia mteja "sogeza kidogo, rudi kidogo" bila kujua sababu.

---

Mzee wa Forodhani

Binti yangu, mimi ni mtu mzima, nauliza ili nielewe. Bei ya hiyo Bitcoin inapanda na kushuka. Leo umeuza kwa shilingi 450, kesho zimekuwa 400. Biashara gani hiyo? Na serikali inasemaje?

---

MamaMbaazi_Diani

Shikamoo baba. Umeuliza la msingi.

Kuhusu bei: mimi naandika shilingi ubaoni, hamri ni shilingi, mbaazi ni shilingi. Programu ndiyo inayogeuza kwa bei ya dakika ile. Unga na mafuta nanunua kwa shilingi, kwa hiyo kila Ijumaa naibadilisha pesa ya mtaji. Faida tu ndiyo ninaiacha kidogo, na ninaiacha nikijua inaweza kupungua. Sitamshauri mtu yeyote aache mtaji wake humo.

El Salvador walitaka kulifanya hili kuwa la nchi nzima. Kijiji cha ufukweni, El Zonte, walianza tangu 2019 kwa hiari, watu wakilipana kwenye vibanda kama changu. Tarehe 7 Septemba 2021 ikawa sheria, serikali ikatoa waleti inayoitwa Chivo na zawadi ya dola 30 kwa kila raia aliyejiandikisha. Wengi walitoa ile zawadi na hawakurudi. Januari 2025 sheria ikabadilishwa, kupokea kukawa hiari, baada ya makubaliano ya mkopo na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Mimi nasoma hivi: kibandani QR hudumu pale ambapo mteja na muuzaji wote wawili wanaihitaji. Ukimlazimisha muuza mahamri, ataificha kadi chini ya meza.

Kuhusu serikali, hapa Kenya fedha halali ni shilingi, hilo halijabadilika. Oktoba 2025 ilisainiwa sheria ya watoa huduma za mali pepe (Bitcoin na mfano wake), inayotaka kampuni za kubadilisha na kuhifadhi ziwe na leseni, chini ya usimamizi wa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Huko kwenu Tanzania, BoT ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba sarafu hizi haziruhusiwi na kwamba fedha halali ni shilingi peke yake. Mwaka 2024 sheria ya fedha ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwa uhamishaji wa mali za kidijitali. Kwa hiyo baba, kwa mwenye duka Unguja au Dar mimi siwezi kumwambia "bandika QR ya Bitcoin". Atumie TANQR, apokee shilingi, alale usingizi.

---

Kinyonga wa Pangani

Nimekuelewa dada. Nauliza la mwisho. Juzi rafiki yangu aliuza simu, mnunuzi akamwambia "nimekutumia kwa makosa zaidi, skani hii nikurekebishie". Akaskani, pesa ikatoka. Inawezekanaje?

---

MamaMbaazi_Diani

Inawezekana sana, na inauma kwa sababu ni rahisi. Ile QR ilikuwa ankara ya yule mnunuzi. Rafiki yako aliiskani na kubonyeza "lipa". Kwenye Lightning kanuni ninayomfundisha kila anayenisaidia kibandani ni hii: anayelipwa huonyesha, anayelipa huskani. Ukiambiwa uskani ili upokee, simama. (Ipo aina ya QR ya kuchukulia pesa, lakini programu yako itaandika wazi kwamba unapokea. Soma neno hilo kabla ya kidole kushuka.) Na kama kweli umezidishiwa, mwombe aonyeshe ankara ya kiasi kamili kilichozidi, baada ya wewe kuona kwenye simu yako kwamba kimefika.

Jambo jingine la hatari kuliko hilo: yale maneno 12 ya siri ya waleti, ambayo aliye nayo anaweza kuifungua na kuchukua kila kitu. Kuna watu wanayageuza QR "ili yasomeke haraka" na kuyaweka kwenye picha za simu. Msimbo huo ukionekana begani kwako sekunde mbili tu, kamera imeshausoma na waleti si yako tena. Yangu nimeyaandika kwa kalamu, hayako kibandani wala hayako kwenye simu.

Na waleti ya kibanda si waleti ya nyumbani. Ya kibanda ina mauzo ya wiki tu. Simu ikiibwa ufukweni, nalia kwa wiki moja.

---

BintiTemeke

Dada nimeenda dukani asubuhi hii nikapitisha ukucha kwenye TANQR yangu. Iko salama. Lakini nimeitoa mlangoni, nimeileta kaunta. Na mteja wa kwanza nimemwambia anisomee jina. Akaniuliza kwani kuna nini, nikamweleza, naye akasema anaenda kumwambia mama yake mwenye genge.

---

MamaMbaazi_Diani

Mungu akubariki. Hapa ni saa kumi na moja alfajiri, unga umeumuka. Mpwa wangu kashatuma satoshi zake za majaribio na simu imelia. Kuna mtu kauliza kwa ujumbe ukubwa wa kadi: yangu ni upana wa kiganja, msimbo mweusi juu ya karatasi nyeupe, bila picha ya mahamri katikati, na pambizo nyeupe pande zote nne. Ukifunga jioni iingize ndani. Yangu hulala kwenye kopo la iliki.